Mama Wacu

Fundi akipima suruali hupiga magoti, hana namna nyingine. Mteja husimama wima, mikono ameiachia, na hapo chini hana cha kutazama ila utosi wa fundi. Utosi wa Fortunat Mbarushimana, mshonaji wa suti za harusi pale Ndosho, mjini Goma, ulianza kung'aa akiwa na miaka ishirini na sita. Sasa alikuwa na thelathini na nane, na nywele zilizobaki zilikuwa zimejikusanya juu ya masikio na kisogoni. Mteja mmoja alimwomba atulie kidogo ili aitazame tai yake kwenye utosi huo. Fortunat alicheka naye, maana mteja hakemewi, lakini neno lile alikwenda nalo nyumbani na kulala nalo.

Kipara si ugonjwa. Wanaume wengi wanacho, wanakula, wanazaa, wanazeeka kwa heshima zao. Fortunat hakutaka kusikia hayo. Alianza na maji ya kitunguu, akajipaka mwezi mzima, karakana ikanuka mchuzi hadi Mama Kasoki, Mnande aliyeuza makaa mlangoni pake, akawa anauliza kila asubuhi leo kunapikwa nini. Akahamia kwenye matone ya chupa kutoka duka la dawa la Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, asubuhi na jioni, ingawa yalimwendesha moyo mbio. Baada ya miezi sita akaota manyoya ya kifaranga. Alipoyaacha matone kwa wiki chache, hata manyoya hayo yakaanguka.

Ikabaki kofia. Kofia ilimsitiri kila mahali isipokuwa kwenye sala, na huku kwetu watu husali kabla ya chai na baada ya chai, na mwanaume akisali huvua kofia. Fortunat akawa mtu wa kupigiwa simu. Kila aliposikia "tuombe", alikuwa tayari yuko nje anasema "alo, alo" na simu iliyozimwa.

Ujanja huo ulimwishia nyumbani kwa muzee Havugimana, baba wa Umuhire, siku alipokwenda kujitambulisha kama mchumba. Muzee yule hakuwa mtu wa kutangaza sala. Alifumba macho tu akaanza. Halafu akafumbua jicho moja, akaona kofia, akanyamaza. Watu wote wakangoja. Fortunat akavua.

Baada ya amina, shangazi yake Umuhire, mwanamke mnene mwenye sauti ya sokoni, akamtazama toka juu hadi chini akauliza, "Sasa bwana arusi anakuya saa ngapi? Huyu baba yake si ameshafika?"

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Umuhire naye alicheka, kiganja mdomoni, mabega yakimtikisika. Jioni alipomsindikiza alimwambia, "Fortunat, miye sina shida na kichwa yako. Ni ule shangazi tu, anapendaka kuchokoza." Alisema kweli, na alisema kwa upendo. Lakini Fortunat aliyaona tena mabega yale, na pale pale barabarani akaamua. Mahari ilikuwa imepangwa baada ya miezi minane. Siku hiyo angevua kofia mwenyewe, bila kuombwa, mbele ya shangazi.

Akauza cherehani yake ya pili, akawaambia watu anakwenda Kigali kununua vitambaa, akavuka mpaka. Kule alikuwa amepata kliniki ndogo ya daktari Mkongo, Daktari Nshobole, mwanamke mwembamba aliyesema taratibu na hakupenda kubembeleza wateja.

"Dawa ya kwanza ni kunyoa zote na kuzoea," alimwambia. "Hiyo ni bure, na unaweza kurudi nyumbani sasa hivi."

"Hapana, docteur."

"Basi kuna matone na vidonge, maisha yako yote. Umeshachoka nayo, umesema. Inabaki kupandikiza. Hapo kuna njia mbili. Ninaweza kukata ukanda wa ngozi kisogoni, nishone, nizitoe nywele kwenye ule ukanda nizipande mbele. Nitakunyoa sehemu ndogo tu, hakuna atakayejua. Ila utabaki na kovu, mstari toka sikio hadi sikio. Ama ninang'oa mzizi mmoja mmoja, hakuna mstari, lakini kichwa chote ninakinyoa."

Fortunat alijipapasa kisogo akifikiri. Huku kwetu Kivu, mwanaume mwenye mstari wa kovu kisogoni haulizwi habari za daktari. Anaulizwa ilikuwa mwaka gani, na ni kina nani waliomkata. Hakutaka kuanza ndoa kwa kuulizwa hivyo. Akachagua kunyolewa, kwa sababu kichwa kilichonyolewa, alifikiri, hakina maneno.

Hapo ndipo alipokosea, na mtu mzima aliyezaliwa Rutshuru hakupaswa kukosea hapo.

Walimfanyia kazi siku nzima. Alipoinuka, kichwa kilikuwa tupu, na mbele, toka paji hadi utosini, kulikuwa na vitobo vidogo vyekundu kwa safu. Daktari alimpa masharti akimtazama machoni. "Siku kumi mtu asikuguse. Usikune, usifute, usivae kofia ya kubana. Mizizi haijashika bado. Ukikwangua inatoka na haitarudi, na kisogoni sina nyingine ya kukutolea. Siku ya tatu uso utavimba mpaka macho. Usiogope, uvimbe unapita."

Pale mpakani, ofisa alimtaka avue kofia pana aliyonunua ili afananishwe na picha ya kitambulisho. Akakitazama kichwa, akamrudishia kitambulisho kwa mikono miwili.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini.

Fortunat hakuelewa mara moja. Alipokumbuka kwamba kwao anayenyoa kichwa chote ni mfiwa, alikuwa ameshajibu, "Asante."

Alijifungia ndani nyuma ya karakana. Siku ya tatu uso ukavimba kama alivyoambiwa, kope zikawa nene, macho yakabaki nyufa mbili zinazotiririka machozi. Mama Kasoki, aliyekuwa amehesabu siku tatu za mlango kufungwa, akausukuma mlango akaingia na bakuli la uji. Akamwona. Bakuli nusura limponyoke.

"Mungu yangu! Ni nani, Fortunat? Ni nani alikufa?"

Alikuwa na muda wa kujibu. Angeweza kusema amenyoa kwa sababu ya chawa. Angeweza hata kusema kweli, na Mama Kasoki angecheka wiki nzima, kisha angechoka. Lakini alikumbuka kicheko, kila aina ya kicheko alichowahi kuchekwa, akanyamaza.

"Ni mama?" Mama Kasoki akauliza. "Mama wa Kiwanja?"

Baba yake Fortunat alikuwa amekufa zamani, mtaa mzima ulijua. Mke hakuwa naye, mtoto hakuwa naye. Kwa kichwa kilichonyolewa hivyo na macho yaliyovimba hivyo, alibaki mtu mmoja tu wa kufa. Na mtu huyo hakuna aliyewahi kumwona Goma. Barabara ya Rutshuru ilikuwa imefungwa na vita kwa miaka; ilipofunguka, Fortunat alikuwa ameshazoea kumtumia mama yake sukari na sabuni kwa watu wa pikipiki badala ya kwenda mwenyewe. Mama hakuwa na simu. Kiwanja, kwao kule Rutshuru, ni mbali. Ilikuwa rahisi mno.

Akaitikia kwa kichwa, polepole, maana kichwa kilimuuma.

Kabla jua halijatua, turubai lilikuwa limefungwa mbele ya karakana, viti vya kanisa vimeletwa, wanawake wanapika chai, wanaume wanasema kwa sauti ndogo. Mnajua tulivyo. Mtu wetu akifiwa hatumwachi peke yake, hata akitaka. Umuhire alikuja mbio, akataka kumkumbatia kichwa kifuani pake, Fortunat akamkwepa kama mtu aliyeona nyoka. "Usiniguse kichwa," alisema. Umuhire alidhani ni desturi ya ukoo wao, akawaonya wengine wote wasimguse. Mara mbili alimwuliza mama alikufa na nini, na mara mbili Fortunat akasema ni tansion, ile presha ya damu, ilipanda ghafla, na kwamba ameshazikwa kule kule, karibu na kanisa.

Siku ya nne, muzee Havugimana akaja na wakubwa wawili. Alisali kwa muda mrefu, kisha akakohoa.

"Mukwe wangu, pole. Lakini mambo ya mahari, tutayasimamisha. Mutu mwenye iko katika kilio hawezi kuoa. Tutangoya mwaka."

"Mwaka, muzee?"

"Mwaka. Labda atokee mutu wa upande wa mama yako, atumalizie kilio mbele yetu. Hapo, hata kesho, miye sina neno."

Shangazi alikuwa pale pale, akinywa chai. Akasema bila kumtazama mtu, kwamba mwaka ni mrefu, na kwamba kuna kijana wa Masisi, mwenye ng'ombe na mwenye nywele, ambaye bado anauliza habari za Umuhire.  Kwa uongo aliokuwa ameutumia kuficha kipara, Fortunat sasa alikuwa anampoteza Umuhire, ambaye kwa ajili yake alikificha.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, pikipiki ilisimama barabarani. Fortunat alikuwa chumbani, anachungulia kwenye pengo la pazia. Akashuka mwanamke mfupi mwenye kitenge cha bluu kilichojaa vumbi, amebeba beseni la maharage lililofunikwa kitambaa. Alikuwa Mukamurenzi, mama yake.

Mtu wa pikipiki aliyepita Ndosho alikuwa amefikisha habari Kiwanja: kwa Fortunat kuna kilio, Fortunat amenyoa. Hakusema ni nani aliyekufa, kwa sababu hakuuliza. Mukamurenzi akadhani ni yule mchumba ambaye bado hajamwona. Akakopa nauli, akachota maharage, akaja kulia na mwanawe.

Hakuna aliyemjua. Walimpa kiti kama wanavyompa mgeni yeyote wa msiba. Umuhire mwenyewe alimletea chai, akapiga goti kidogo kumpa kikombe.

"Asante, mutoto," mama yake Fortunat alisema. "Nani alikufa?"

"Ni mama ya Fortunat," Umuhire akajibu, na sauti ikamkatika. "Ule angekuwa mama mukwe wangu. Sikumuonaka hata siku moya."

Fortunat aliona mkono wa mama yake ukisimama na kikombe katikati ya hewa. Kikombe hakikumwagika. Aliona uso wake ukigeuka polepole, ukitafuta mlango, na miguu yake Fortunat ikamtoa nje kabla hajaamua.

"Mama!" alisema.

Lilimtoka tu, kama lilivyokuwa likimtoka tangu akiwa mtoto. Watu wote wakageuka. Muzee Havugimana aliinua kichwa. Shangazi akaacha kutafuna. Umuhire alisimama na birika mkononi, anamtazama yeye, kisha yule mwanamke, kisha yeye.

Sasa, kwa Kinyarwanda, mama ni mama. Lakini ukiongeza neno moja dogo, ukasema *mama wacu*, umemtaja dada wa mama. Fortunat alikuwa na muda wa pumzi moja.

"Wacu," akamalizia. "Mama wacu. Ni mudogo wa marehemu."

Watu wakashusha pumzi. Wanawake wakamzunguka Mukamurenzi wakimpa pole ya kufiwa na dada. Naye akazipokea pole hizo, mkono kwa mkono, moja baada ya nyingine, hakuiruka hata moja. Muzee Havugimana akafurahi kuliko wote. "Mungu ni mukubwa," alisema. "Upande wa mama umefika. Mama, utatumalizia kilio, siyo?"

"Niache kwanza nimuone mutoto wangu," Mukamurenzi akasema. Hakuna aliyeshangaa. Mtoto wa dada ni mtoto.

Chumbani Fortunat akafunga mlango, akaanza kulia kweli kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze. Akamweleza yote, kwa haraka, akinong'ona: sala, shangazi, kicheko, cherehani, Kigali, nywele moja moja, siku kumi. Akamwonyesha. "Docteur amesema hata kuguswa, mama, hapana. Zikitoka hazirudi tena." Akamwambia na habari ya mwaka, na ya kijana wa Masisi. Kisha akamwomba, na sijui alipata wapi uso wa kuomba, atoke nje awaambie wale watu kwamba marehemu ameliliwa vya kutosha.

Mukamurenzi alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono magotini.

"Ulinizika wapi?" akauliza.

"Mama..."

"Minauliza. Wapi?"

"Karibu na kanisa."

"Na nilikufa na nini?"

"Tansion."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa hesabu ya watoto wa jirani. "Sababu ya nyweli," akasema. Hakuuliza, alisema tu. Akainuka, akajifunga kitenge vizuri. "Haya. Nitakumalizia."

Fortunat alimshika miguu akamshukuru. Alidhani amesamehewa, mjinga yule. Akina mama huwa wanasamehe, na watoto huwa wanategemea hilo.

Nje, Mukamurenzi alisimama katikati ya turubai. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Miye njo mukubwa wa upande wa marehemu mwenye amebakia," alisema. "Nimekuya kumaliza kilio. Lakini kwetu kilio kinamalizwa na wembe. Mama akikufa, ni sisi tunamunyoa mutoto wake, kwa mikono yetu. Huyu alijinyoa peke yake. Ile haihesabu. Munipe wembe na maji."

"Njo vile," muzee Havugimana akasema, akipiga kiti kwa kiganja. "Hata kwetu ni vile."

Mama Kasoki akakimbilia dukani kununua wembe mpya. Umuhire akaleta beseni. Fortunat alisimama mlangoni.

"Mama wacu," alisema, "nimeshanyoa. Imetosha."

"Umenyoa," mama yake akamjibu, "lakini hakuna mutu wa kwetu aliona. Kuya, ikala."

Sentensi moja ingemwokoa. Huyu ni mama yangu, yuko hai, nilisema uongo. Aliisikia ikimpanda kooni. Akamtazama Umuhire aliyeshika beseni kwa mikono miwili, macho yamejaa huruma, akaliona tumbo la shangazi, lililokuwa tayari kutikisika, akaimeza. Alijiambia labda mama atapitisha wembe juu juu tu. Labda anataka kumtisha. Ni mama yake. Akaketi kwenye kigoda, akavua kofia.

Watu wakanong'ona walipoyaona magamba madogo meusi. "Ni vipele vya uchungu," Mama Kasoki akawaeleza wa nyuma. "Mutoto huyu ameumia."

Mukamurenzi alipitisha kidole gumba juu ya kichwa cha mwanawe, kutoka paji kwenda nyuma, taratibu. Amepanda maharage maisha yake yote; safu anazijua. Akalowesha wembe, akaanzia mbele kabisa, pale daktari alipokuwa ametumia saa nyingi zaidi.

Fortunat alisikia mkwaruzo ndani ya fuvu. Kisha moto, kisha maji ya uvuguvugu yakimshuka kwenye nyusi. Hayakuwa maji. Mama yake hakuharakisha. Alikwangua safu, akasuuza wembe, akarudi kwenye safu ile ile kuhakikisha. Kwenye beseni maji yakawa ya waridi, na juu yake vikaelea vinywele vifupi, kila kimoja na kichwa chake cheupe. Fortunat alivitazama vikiongezeka. Aliuma meno hadi taya likamtetemeka, hakutoa sauti, na wanawake walipoona damu inamfika kidevuni na bado amenyamaza, wakaanza kulia. "Alimupenda mama yake," mmoja akasema. "Hamuoni mutoto anapenda mama yake vile?"

Alipomaliza, Mukamurenzi alimwaga beseni mtaroni, akafuta wembe kwenye kitenge chake.

"Kilio kimeisha," alisema. "Marehemu hana neno na huyu mutoto. Asimulilie tena, na asimutafute. Mumupe bibi arusi yake."

Muzee Havugimana akatoa sala ya shukrani, na baada ya amina akasema mahari itabaki tarehe ile ile. Umuhire alikuwa anamfuta Fortunat damu kwa kanga yake mwenyewe, analia na kutabasamu. Kisha akamwendea Mukamurenzi, akapiga magoti mavumbini.

"Mama wacu, siku ya arusi utakuya kusimama pa marehemu?"

"Hapana, mutoto wangu," Mukamurenzi akamjibu, akamwinua kwa kiwiko. "Pa mama paachwe wazi. Watu waone kwamba hayuko."

Alichukua beseni lake la maharage, sasa tupu, akasimamisha pikipiki. Fortunat akamfuata hadi barabarani, kitambaa kichwani kimeshalowa. Hapo, mbali kidogo na watu, akamshika mkono.

"Mama," akanong'ona. "Mama, unisamehe."

Mukamurenzi akautoa mkono wake, akapanda. Akajibu kwa sauti kubwa, ya kusikika hadi chini ya turubai:

"Pole, mutoto wa dada yangu. Kufa ni mambo ya Mungu."

Pikipiki ikaondoka kuelekea barabara ya Rutshuru. Fortunat alibaki amesimama, mpaka Mama Kasoki alipomjia, akaweka mkono kiunoni, akaitazama pikipiki ikipotea kwenye vumbi.

"Mama wacu muzuri sana ule," alisema. "Anafanana na marehemu?"

Fortunat alijipangusa damu iliyokuwa imemwingia jichoni.

"Sana," akajibu.